Shikamoo ya Ngedere

Palikuwa na Bibi Nungunungu, mwenye vitukuu, ambaye hakula ila mihogo, majani na maji. Jirani yake Ngedere, kijana wa juzi tu, alishindia mabaki ya hotelini: chipsi, maandazi na soda. Akilala alikoroma, akiamka amechoka.

"Bibi, unajitesa," Ngedere alimwambia. "Majirani watasema una njaa."

"Waache waseme. Tumbo ni langu, si lao. Mimi nikila nalala, na nikilala naamka mzima. Wewe mara ya mwisho kuamka bila kuumwa kichwa ilikuwa lini?"

Ngedere akacheka mpaka akakohoa. Hapo akapita Paa, mgeni mwenye adabu nyingi. Alimtazama Ngedere, macho yamevimba na mgongo umepinda, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Kisha akamgeukia Nungunungu. "Mambo, dada? Njia ya kisimani ni ipi?"

"Poa. Nifuate," alijibu Bibi, akatangulia kupanda kilima.

Ngedere aliwakimbilia ili aeleze kwamba yeye ndiye mtoto. Hakufika mbali. Pumzi zilimwishia, akaketi chini, akaitikia kwa sauti ndogo:

"Marahaba."