Abee ya Siwatu

Paliondokea pimbi mmoja, mjane mkali, aliyeishi katika nyufa za majabali na watoto wake wawili. Siwatu alikuwa binti wa kusifiwa: mkubwa yeyote akimwita, hamalizi kuita, keshasema, "Abee!" Nduguye Kombo alikuwa mkaidi wa kuzaliwa. Ungemwita mpaka koo likukauke, naye kimya. Alichapwa sana kwa hilo, asibadilike.

Siku moja Chui alifika majabalini akiwinda. Mama aliwasukumia wanawe ndani ya ufa, akajibana nao. Nyufa zilikuwa nyingi, na Chui hakujua aanzie wapi. Akaketi juu ya jiwe, akakohoa kama mzee wa baraza.

Mama akamtazama Kombo. Huyu ndiye atakayetuua, aliwaza, maana hajawahi kutii neno. Akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akanong'ona, "Leo nisikie hata pumzi yako, utanitambua!"

Siwatu hakumwambia kitu. Huyo hakuwa na haja ya kuonywa.

"Nyie watoto!" Chui akaita kwa sauti nzito. "Mkubwa wenu anaita, hamsikii? Hamkufundwa kwenu?"

"Abee!" akaitika Siwatu.

Mkono wa Chui ukaingia ufani, ukatoka naye.

"Kweli huyu amelelewa," alisema Chui, akashuka zake.

Mama alibaki palepale, viganja vyote viwili vingali mdomoni mwa Kombo.