Kasoro za Waridi

"Acha, acha!" Bi Mauza alipiga kelele, na udi aliokuwa akiupiga Ubeid ukanyamaza katikati ya ubeti. "Huko si kuimba, ni kulilia maiti."

Waridi alifumba mdomo. Hiyo ilikuwa mara ya nne kukatizwa tangu alasiri.

Bwana Hamud, mwenye duka la santuri hapo Kariakoo, ndiye aliyemweka Bi Mauza kiti cha mwamuzi. Mwaka ule wa 1929 kampuni ya sahani za santuri ilimtaka apeleke Bombay mwimbaji mmoja akarekodiwe, mmoja tu, na meli ilikuwa inaondoka Jumamosi. Jana aliimba Bi Mauza, wala hakukatizwa. Leo zamu ya Waridi.

"Mimi najua kuuza tu," Hamud alimwambia Bi Mauza. "Wewe ndiye mjuzi wa kuimba. Nitajie kasoro zake, usimwonee haya."

Kumwonea haya! Waridi alikuwa mwitikiaji wake. Alimfundisha mwenyewe, hata namna ya kuvuta pumzi, kisha binti akajitoa kundini na kuanzisha lake mtaa wa pili. Fadhila za punda ni mateke. Na leo ameingia na "Shikamoo, Bi Mauza" yake, kana kwamba hapakutokea kitu. Hakupewa marahaba.

"Haya, endelea," alisema Hamud, kalamu mkononi.

"Mwisho wa ubeti pumzi inamwishia. Neno 'moyo' analitamkia puani. Sauti ya juu anairingia mno, ya chini hana. Na huu wimbo wa tatu ameingia kabla ya ngoma. Harusini kwa akina Mwanamkuu alifanya vivyo hivyo, na kule Mchafukoge pia."

"Kumbe ulialikwa?"

"Nani anialike? Nilisimama uchochoroni."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, ndiyo! Andika."

Hamud aliandika. Bi Mauza aliiona karatasi inajaa, na roho yake ikaburudika. Majirani alikwisha kuwaaga. Kwa umri wake hapangekuwa na meli nyingine, na kuishi mtaani huku sahani za mtoto huyu zinalia kila dirisha, hilo asingeliweza. Bora kufa.

Waridi alipokwenda zake, Hamud akaikunja karatasi.

"Jumamosi anasafiri Waridi."

Bi Mauza alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka. "Na kasoro zote hizo? Si umeziandika kwa mkono wako mwenyewe!"

"Kumi na saba," alisema Hamud. "Mtu hazihesabu hivyo kasoro za asiyemwogopa. Jana ulipoimba wewe, Waridi alikuwa nyuma ya pazia lile. Nilimtaka naye anitajie zako."

"Akasemaje, mwanaharamu yule?"

"Alikusifu, Bi Mauza. Mwanzo mpaka mwisho, alikusifu tu."