Ukuta wa Waoka Mikate

Kwa dakika arobaini na tano waoka mikate hawakuvuka mstari wa katikati hata mara moja.

Wote kumi walijipanga mbele ya goli lao, mistari miwili, bega kwa bega. Kila shuti la vijana wa kiwanda cha nyuzi liliishia kwenye paja la mtu, kwenye mbavu, kwenye kipaji cha uso. Hawakushambulia, wala hawakujiangusha kupoteza muda. Walizuia tu.

Kocha wa nyuzi alikuwa fundi mkuu wa mitambo, na kiwandani kote walimwita Spana. Alisimama pembeni ameuma meno. Hii ilikuwa fainali ya kombe la wafanyakazi, na kesho yake kiwanda cha nyuzi kilikuwa kinafungwa moja kwa moja. Wiki nzima alikuwa akifungua mashine kwa mikono yake, zile zile alizozitunza miaka ishirini na miwili, zipakiwe kwenye malori. Vijana wake walikuwa wanatawanyika, huyu kwa mjomba wake, yule asikokujua mwenyewe. Spana alitaka waondoke na kitu mkononi.

Ndiyo maana Alhamisi, waoka mikate walipoandika kuomba fainali isogezwe wiki moja, alikataa. Barua ilisema wamepata tatizo. Hakuuliza tatizo gani; nani siku hizi hana tatizo? Aliona ni ujanja wa kungoja timu yake isambaratike.

Wakati wa mapumziko alitoa nati mfukoni, akazipanga kwenye benchi mistari miwili.

"Mnagonga ukuta kwa kichwa," aliwaambia. "Ukuta haubomolewi katikati."

Akawaeleza taratibu. Wapanuke hadi kwenye mistari ya chaki pande zote mbili. Mpira uhame haraka, kulia, kushoto, kulia tena, mpaka ukuta uchoke kuufuata na ufa uonekane. Hapo winga akimbie hadi mwisho kabisa wa uwanja, halafu asipige juu. Aurudishe nyuma, chini chini, kwa mtu anayekuja. Beki anayekimbilia goli lake mwenyewe hamwoni aliye mgongoni.

Winga wa kulia, mkata nyuzi waliyemwita Mkasi, aliuliza kipa wao ana nini, maana hata mpira wa goli anapigiwa na beki.

Spana alikuwa ameliona hilo. Kipa mwenyewe alikuwa na umbo dogo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, jezi imemfika mapajani, na muda wote mkono mmoja umeshika mlingoti. Alijibu kwamba labda ameumia na hawana mwingine. Basi mpira mmoja ukipita, kazi imekwisha.

Kipindi cha pili alijaribu kwanza chambo. Aliwarudisha vijana wake nyuma, wawaachie waoka mikate mpira, ili watoke. Hawakutoka. Waliubutua mpira mbali, wakarudi kusimama. Nahodha wao, mtu wa tanuri mwenye makovu ya moto mikononi, alipita kwa kila mmoja akimwambia neno lile lile, kwa sauti ya chini: tumeahidi. Spana akadhani wamemwahidi mwajiri wao kombe ili wapate bonasi.

Wakahamisha mpira. Kulia, kushoto, kulia. Jua likahama nao. Dakika ya themanini na moja beki mmoja alichelewa hatua moja tu, Mkasi akapita, akafika mwisho wa uwanja, akaurudisha nyuma. Kiungo aliukuta, akaupiga pasipo nguvu.

Kipa aliinama kwa mikono miwili, kama mtu anayeokota kitu kilichomwanguka. Mpira ukapita katikati ya mikono ile.

Vijana wa nyuzi walirukiana. Spana alikaa chini kwenye nyasi akalia, akiwaza mashine zilizoondoka na watoto hawa watakaoondoka kesho. Alipoinua macho, aliona jambo ambalo hakulielewa. Waoka mikate wote walikuwa wamekwenda golini. Hakuna aliyemlaumu kipa. Mmoja alikuwa akimfuta tope kwenye glavu kwa shati lake mwenyewe. Nahodha alipiga magoti mbele yake, akasema naye kidogo, ndipo wakarudi kuanza.

Kisha wakajipanga tena mistari miwili, bega kwa bega, mbele ya goli lao. Wamefungwa, zimebaki dakika tisa, na bado wanazuia.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Spana aliwaacha wenzake na kombe, akamfuata nahodha yule. Akampa mkono.

"Hongera, mwalimu," nahodha alisema.

Spana alimwambia ukweli: vijana wake walikuwa wameishiwa pumzi kabisa; waoka mikate wangepanda mbele dakika zile za mwisho, wangesawazisha. Akamuuliza kwa nini hawakupanda.

Nahodha alifuta uso kwa mgongo wa mkono. Hakuonyesha hasira. Alisema hawakuwa wamekuja kutafuta goli.

"Kipa wetu tulimzika Ijumaa," alisema. "Yule pale golini ni mama yake, aliomba asimame mahali pa mwanawe. Tulimwahidi mpira hautamfikia."