Simu ya Maskati

Bi Mwanapili alimvisha mtoto kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akamlaza ubavu ili lionekane shavu moja tu, akafunga na dirisha la upande wa jua. Hapo ndipo alipoipokea simu iliyokuwa ikilia juu ya kitanda.

"Naam, mwanangu. Huyo hapo. Kalala."

Huko Maskati, bintiye Saadiya alikuwa jikoni kwa tajiri wake, kapunguza sauti wasije wakamsikia. Alikwenda kutafuta riziki, akamwachia mama yake Munir, mtoto ambaye hata kutambaa alikuwa bado, keshaachishwa ziwa na kuzoeshwa chupa. Babake mtoto kaoa kwengine na wala haulizi.

Maradhi yenyewe yaliingia nyumba mbili kwa siku moja. Munir na Jaku, mwana wa jirani yao Wanu, walikuwa wakicheza jamvi moja na kunyang'anyana kijiko kimoja kutiana midomoni. Yakaanza makamasi, ikaja homa, kisha vifua vikawa vinalia kama bawaba iliyokosa mafuta tangu enzi za Sultani. Bi Mwanapili akawasugua wote wawili kwa mafuta ya karafuu na kuwafukiza ubani chumba kizima kikafuka. Wakazidi.

Hospitali walilazwa kitanda kimoja, huyu kichwa huku na yule kichwa kule. Daktari Bakar akaja na majibu ya kipimo.

"Ni kirusi, bi mkubwa. Kinaitwa boka."

"Boka ndiye nani tena?"

"Ni kirusi cha watoto wadogo. Wengi hupita nacho, mafua ya siku chache, basi. Hata aliyepona huweza kukaa nacho puani miezi. Hawa wote wawili wanacho. Ila mmoja nimemkuta na kirusi chengine juu yake, na huyo ndiye anayenitia hofu."

"Sasa huyo boka ndiye mwizi, au ndiye aliyemfungulia mwizi mlango?"

"Hilo hata sisi bado tunaulizana."

"Basi ulizaneni upesi. Midomo ya mtoto inageuka rangi."

Oksijeni ilikuja. Haikufaa kitu. Mtoto mmoja alirudishwa nyumbani Chukwani kafunikwa shuka nyeupe. Wanu alilia njia nzima mpaka dereva akazima redio. Bi Mwanapili hakulia. Simu ilikuwa ikitetemeka ndani ya mkoba, na jina lililokuwa likiwaka ni la Saadiya.

Baada ya maziko, Mzee Kheir, kaka yake Bi Mwanapili, aliwakusanya majirani ukumbini akawawekea sharti.

"Msafiri hapewi msiba simuni. Mwamkumbuka Sumaiya? Walimpa habari ya msiba naye yuko Maskati vivyo hivyo, karai la mafuta ya moto mkononi, likammwagikia. Mpaka leo mtandio haumtoki usoni. Saadiya anarudi baada ya Idi. Akishatia mguu ndani ya nyumba hii, ataambiwa. Kabla ya hapo, atakayefungua mdomo mimi na yeye."

Mtaa mzima ukaitikia kwamba umesikia, mtaa ambao haujapata kuficha hata bei ya dagaa.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa saa ya simu Wanu huja. Haketi. Husimama nyuma ya pazia, kanga kaiuma kwa meno, kifua cha gauni kimemrowa maziwa. Bi Mwanapili hufanya kila awezalo macho yao yasikutane.

Mwanzoni Saadiya alikuwa mtihani.

"Mama, mbona umemvisha kofia kama anakwenda Ulaya? Chukwani kuna baridi gani mwezi huu?"

"Ya kifua, mwanangu. Usinifundishe kulea, wewe nani alikulea?"

"Na hilo shavu mbona limepungua?"

"Ugonjwa huo. Shavu litarudi."

"Hebu mgeuze nimuone macho."

"Nimwamshe mgonjwa kwa ajili ya macho? Macho yake si unayajua?"

Kisha, pole pole, maswali yakakatika. Saadiya hakuuliza tena dawa wala kikohozi. Alikuwa akimtazama tu mtoto aliyelala, anatazama mpaka vocha inakaribia kukatika, halafu anauliza mengine kabisa. Umekula, mama? Vidonge vya presha unameza? Usiku unapata usingizi? Bi Mwanapili akamshukuru Mungu kwamba moyo wa binti yake umetulia, na kwamba Idi haiko mbali.

Lakini Ijumaa hii mtoto hakulala. Alifumbua macho, akaing'oa kofia na kuitupa, akaanza kumpapasa Bi Mwanapili kifuani, anasukuma kwa pua, anatafuta. Alipokosa alichokitaka akaangua kilio chenye mkoromo, akalinyooshea pazia mikono. Pazia likatikisika.

Bi Mwanapili akaigeuza simu upesi, ikawa inautazama ukuta.

"Njaa tu hiyo," alisema, na sauti ikamponyoka ikapanda juu. "Munir wetu kawa mlafi siku hizi, ungemuona. Nnakwenda kumkorogea uji sasa hivi."

Kule upande wa pili yakasikika maji ya bomba yakifungwa.

"Mama," akasema Saadiya, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "mpe Wanu mwanawe akamnyonyeshe. Munir wangu nshamsomea hitima huku, peke yangu."