Mkeka wa Bi Kidawa

Siku hizi nyumba haimpokei mtu ambaye skana haijasoma mistari ya mkononi mwake. Akiingia hivyo hivyo, taa na jiko vinazimika. Mama yangu, Bi Kidawa, amesuka mikeka miaka arobaini, na ukili umeisugua mistari yake mpaka imefutika. Tangu asubuhi alikuwa barazani kwangu, amekaa juu ya mkeka wake.

"Hakuna mtu," skana ilisema kila nilipommulika.

"Niache tu nilale hapa, mwanangu."

"Hulali nje, mama, na mimi nipo."

Kazi yangu ni kuziseti skana za mtaa mzima. Skana huamriwa kwa kusomeshwa mistari ya amri iliyochapwa kwenye kijitabu. Nikaisomesha skana yangu mistari ya kulegeza ukali: ngazi ya tano, ya tatu, mwisho ya kwanza, ambayo tumekatazwa kuigusa.

Mwanga mwekundu uliteleza mkononi mwake, ukaangukia mkeka.

"Karibu, Bi Kidawa," ikasema skana, na mlango ukafunguka.

Mama akapapasa michirizi ya mkeka. "Mistari yangu ilipoanza kufutika niliisuka humu, nisije nikaisahau."

Akaukunja, akaukumbatia, akaingia. Jiko likabaki linawaka. Nilifurahi kweli.

Jana alikwenda sokoni akauacha mkeka sebuleni. Aliporudi, mlango ulikataa kufunguka.

"Bi Kidawa yumo ndani," skana ikamwambia.