Dole Gumba Lenye Wino

Madirisha ya darasa pale Ziwani yalizibwa kwa mikeka ili filamu ionekane mchana ule. Somoe alikaa dawati moja na jirani yake, mama wa kijana aliyeuawa. Mkono wa jirani ulikuwa pajani mwa Somoe, dole gumba lingali na wino.

Asubuhi ile mama huyo alikuwa ametia dole kwenye barua ya kumwombea mtoto wa Somoe msamaha, asinyongwe. Alikubali kwa sababu Somoe alishika msahafu akaapa kwamba mwanawe hakuua.

Mwongozaji wa filamu alisimama mbele akitabasamu. Alikuwa ameshinda kwa Somoe wiki nzima, akila mihogo yake na kumwita mama.

"Kisa ni cha mama yetu Somoe," alisema. "Kila neno ni lake, sikuongeza hata moja."

Watu wakapiga makofi.

Kwenye shuka jeupe akatokea mwanamke akibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Mwanangu aliniambia gerezani kuwa ni yeye aliyeua," alisema yule mwigizaji. "Na yule kijana alimwita mama yake mara tatu."

Maneno hayo Somoe aliyasema mara moja tu, baada ya kuambiwa, "Kamera nimezima, mama. Sema, utue mzigo."

Mkono ukaondoka pajani. Jirani akalilowesha dole gumba kwa mate, akaanza kulisugua kwa pindo la kanga.

"Dada," aliuliza bila kugeuka, "ile barua umeiweka wapi?"