Vidole vya Kipkurui

Ugonjwa ulikuwa umempofusha Kipkurui, lakini vidole vyake, vilivyotunza bustani ya meneja wa shamba la chai, bado vilitambua maua kwa mbegu zake. Mama yake alimmiminia kiganjani mbegu alizozipukuchua kutoka maua makavu.

“Hizi ni zinia. Hizi ni dalia,” Kipkurui alisema. “Mama, mwaka huu hata choo kitavaa maua.”

Mama alicheka, akammiminia nyingine pasipo kuangalia.

Mbegu hizo zilikuwa za mviringo, ngumu kama changarawe. Kipkurui aliziviringisha polepole kwa kidole gumba.

“Ua hili liko tu juu ya kaburi la baba.”

Mama alinyoosha mkono kuzichukua.

“Zipande sasa,” Kipkurui alisema, akimrudishia. “Hizi huchelewa kuota, na langu haliko mbali.”